Mstari Nilioruka

Siku niliyokutana na Zakaria Hoza nilikuwa nimekasirika. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nafanya kazi ya ufundi baiskeli kwenye baraza ya mjomba wangu, Makorora, mjini Tanga, na tangu kulipokucha nilikuwa napambana na tairi la mtu mmoja wa Chumbageni lililotiwa viraka mpaka mpira wenyewe hauonekani. Akaja kijana mrefu, mweusi, anakokota baiskeli ambayo ringi lake la mbele limepinda vibaya. Alikuwa ameikokota hivyo hivyo kutoka Pongwe.

"Bwana wee," nikamwambia, "hii si ya kutengenezwa, hii ni ya kuzikwa."

Akacheka. Akakaa kivulini, akasema atangoja mpaka nimalize.

Alingoja mpaka karibu na adhuhuri. Nilipokuwa nakaza spoki akatoa kifuani daftari la jalada jeusi, akawa analifunua ukurasa baada ya ukurasa. Anatazama, anafunua, anatazama. Nikamuuliza kama anasoma au anahesabu mistari. Akaniambia bila haya yoyote kwamba hajui kusoma. Daftari lilikuwa la marehemu mama yake, Mshambaa aliyesomeshwa na wamisheni kule milimani kabla hajaolewa na mkata katani na kuteremka naye mashambani upande wa Pongwe. Ameandika humo sala zake mwenyewe, kwa maneno yake: sala ya mvua, sala ya mtoto mwenye homa, sala ya kuanza kazi. Enzi za uhai wake aliwasomea wote nyumbani. Sasa amekufa, na mle ndani hapana anayejua herufi, si baba wala mwana.

"Wewe umesoma?" akaniuliza.

"Darasa la nne," nikasema, najivuna kidogo.

Akanipa daftari. Nikamsomea ile ya mvua. Nilipoinua kichwa nikaona analia, mtu mzima, hadharani, na wapita njia wanatazama. Nikajitia kutafuta pampu.

Kisha akaomba nimsomee ukurasa wa mwisho. Hiyo ilikuwa sala ya kufa. Mama yake aliisoma akiwa kitandani mwenyewe, na Zakaria ndiye aliyemshika kichwa. Alipofika katikati sauti ikakatika, mwinjilisti wa pale kwenye kambi ya wakata katani akaimalizia. Zakaria akaniambia, kwa utulivu kabisa, kwamba na yeye siku yake ikifika anataka asomewe hiyo, yote, asipunguziwe neno.

Nikaanza. Mstari wa tatu ukanisimamisha. Ulisema: *Ee Yesu, Mwana wa Mungu, wewe uliyemlilia rafiki yako kaburini, usiniache peke yangu.*

Mjomba alikuwa ndani anatia udhu. Mimi nimekaa chuo cha Kurani miaka saba, na maalim wangu alitufunza kwamba kutamka neno kama lile ni jambo zito mbele ya Mungu. Ulimi ukanikwama. Nikaenda mstari wa nne. Zakaria alikuwa kainamisha kichwa. Nikadhani hakuona kitu. Hivyo ndivyo nilivyoanza.

Tukawa marafiki kuanzia pale. Kila Jumamosi yuko barazani, baiskeli ikiwa na kasoro au haina. Nilimtania kwamba watu wa milimani wanatembea kama wanapanda hata mahali pa tambarare. Yeye alisema watu wa pwani tungepewa mshahara kwa maneno tungekuwa matajiri wote.

Yalipokuja magari ya jeshi la Mwingereza kutafuta vijana, miaka ile ya mwanzo wa hamsini, tulikwenda pamoja. Watu huniuliza kwa nini. Ningependa kusema kwa sababu fulani ya maana. Nilichoka na viraka, basi, na Zakaria alichoka na miiba ya katani. Mama yangu alikuwa anachekecha unga nilipomwambia.

"Vita vya nani hivyo?"

"Vya Waingereza, mama."

"Basi waende Waingereza."

Hata hivyo siku ya safari alinipa juzuu yake aliyokuwa akiisoma kila alfajiri, ameishonea mfuko wa kitambaa cha kijani. Akaniambia nisiipe kisogo. Hakusema zaidi. Alikuwa mama wa namna hiyo, akikasirika anapunguza maneno.

Walitupeleka nchi ya Malaya, mbali huko mashariki. Sitaeleza safari ya meli, maana niliyatapika yote niliyokula kuanzia Mombasa. Malaya nilichokiona ni msitu, na mvua juu ya msitu, na ruba wanaopenya mpaka ndani ya soksi. Kulikuwa na mashamba ya mpira, miti imepangwa safu kwa safu, na Zakaria alipoyaona mara ya kwanza alisimama akasema, "Ala! Kumbe huku nako wana kambi." Aliwatazama wale wagema mpira asubuhi na mapema na visu vyao, akawaamkia kwa Kiswahili. Watu tuliotumwa kupigana nao walikuwa wamejificha msituni na walitaka Mwingereza aondoke kwao. Hatukuwa na ugomvi nao. Walitupiga risasi, tukawapiga risasi. Sikumwona hata mmoja wao uso kwa uso akiwa hai.

Tuliporudi kambini, baada ya chakula cha jioni na kabla mwanga haujatoweka, nilimsomea Zakaria daftari la mama yake. Ilikuwa ada yetu. Yeye anakaa juu ya sanduku la risasi, mikono baina ya magoti, kichwa chini, sioni uso wake. Mimi nasoma. Na kila nilipofika kwenye jina lile lenye sifa ile, naruka. Sikuruka pale pa sala ya kufa tu, maana mama yake alikuwa analitaja kila baada ya sentensi mbili. Kwanza nilikuwa nasita. Baadaye macho yakazoea, yakawa yanaliona jina kutoka mbali na kulizunguka yenyewe, bila kusimama. Nikajiona hodari. Nikajiambia: namfariji rafiki yangu, na dini yangu imebaki salama, nani ameumia?

Siku moja alipata homa. Akaniita, akanishika mkono.

"Rajabu, nikifa huku, utanisomea ile ya mwisho?"

"Acha uchuro wewe. Hiyo ni malaria tu."

"Utanisomea? Yote?"

"Wallahi nitakusomea," nikasema. "Yote."

Alipona. Kiapo nacho kikabaki pale pale.

Barua ya dada yangu Mwantumu ilinifikia mwezi wa saba wa kukaa kwetu kule. Ilikuwa imezunguka sana, karatasi imelegea kwa unyevu. Mama alikuwa amekufa tangu zamani. Amezikwa, amesomewa, matanga yamekwisha, watu wamekwishatawanyika majumbani kwao, na mimi siku zile zote nilikuwa nacheka na kula na kumtumia salamu. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Nilikuwa natuma salamu kwa maiti.

Sikulia. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikiwa na barua mkononi. Zakaria aliichukua barua, akaikunja, akanirudishia. Kisha akauliza jambo ambalo hakuna mwingine aliyeniuliza, hata wenzangu wa dini moja: "Kwenu hufanywa nini?"

Nikamwambia watu hukaa siku tatu na mfiwa. Husomwa. Hupikwa kahawa chungu.

"Basi tukae," akasema.

Akaenda kwa mpishi akaomba kahawa. Alipoinusa akasema hii si kahawa, ni maji ya kufulia, lakini tutainywa hivyo hivyo. Jioni tatu mfululizo alikaa mbele yangu, ameoga, amevaa shati safi. Nilitoa juzuu ya mama kwenye mfuko wa kijani nikasoma. Ilikuwa inanukia udi bado, wallahi, baada ya bahari yote ile na mvua zote zile. Siku ya kwanza nilisoma kwa ulimi tu. Siku ya pili sauti ikaanza kunitetemeka. Siku ya tatu niliisikia sauti ya mama ndani ya yangu, mahali alipozoea kuvuta na mahali alipozoea kupumzika, maana nilikuwa nimeisikia kila alfajiri tangu utotoni. Nikalia kama mtoto. Nilihisi kwamba mama hakufa bila mimi, kwamba kuna mahali ambapo maneno yake na maneno yangu yamekutana. Sijapata faraja kama ile tena maishani.

Zakaria hakuelewa hata neno moja. Lakini hakutikisika. Nilipotaka kufupisha siku ya pili, kwa sababu nimechoka, alisema, "Soma yote, Rajabu. Mama yako hakuandikiwa nusu."

Maneno hayo yaliniingia mfupani. Nilimtazama nikaona haya. Mtu huyu ameketi jioni tatu anasikiliza kitabu cha dini isiyo yake, hakutaka kiondolewe hata herufi, kwa kuwa ni cha mama yangu. Na mimi cha mama yake nimekuwa nakikatakata kila jioni, nampa vipande, nikimfanya aamini kwamba ni kizima. Nilifunzwa chuoni kwamba amana hurudishwa kama ilivyopokelewa. Daftari lile lilikuwa amana. Maneno yale hayakuwa yangu, nilikuwa mdomo tu wa kuyapitisha. Mungu asingeniuliza kwa nini nimeyasoma. Labda angeniuliza kwa nini nimeyaficha.

Nikakata shauri nitamwambia. Nitamwomba radhi, kisha nitamsomea daftari lote upya, toka jalada mpaka jalada.

Nikaona haya. Nikasema kesho. Ilipofika kesho, nikasema kesho.

Siku ya tano tukatoka doria.

Tulikuwa tunashuka kwenye kijito, asubuhi, saa nne hivi. Mvua ilikuwa nyepesi. Zakaria alikuwa mbele yangu hatua sita.

Nikasikia kama mtu anavunja vijiti vikavu.

Zakaria akakaa chini.

Alikaa tu, kama mtu aliyechoka. Kisha akalala ubavu.

Nilitambaa kwa tumbo mpaka alipo. Nikamvuta nyuma ya gogo. Risasi zilimpata tumboni na juu ya paja, na damu ilikuwa inatoka ikichanganyika na maji ya mvua na kwenda zake kijitoni. Nikabana kwa mikono yote miwili. Haikufaa kitu. Wenzetu walikuwa wanapiga kelele na kufyatua pande zote.

Alikuwa na akili zake timamu. Akagusa kifua chake.

"Toa," akasema.

Nikalitoa daftari. Limelowa pembeni. Nikafunua ukurasa wa mwisho, nikalikinga kwa kofia yangu, na damu ya vidole vyangu ikawa inatia alama kila nilipogusa. Nikasema moyoni: leo yote, Rajabu. Leo usiruke.

Nikasoma mstari wa kwanza. Nikasoma wa pili.

Nikasoma wa nne.

Sikukusudia. Wallahi sikukusudia. Macho yalikwenda yenyewe, kama yalivyozoea kila jioni miezi ile yote. Nilikuwa nimefika katikati ya mstari wa nne nilipojua nilichofanya.  Nikatazama uso wake.

Midomo yake ilikuwa inachezacheza. Hakuna sauti, midomo tu.

Kwetu mtu akiwa katika kukata roho hutiwa maji kinywani, kwa kuwa kiu ya wakati ule ni kali kuliko zote. Nilimwona mama akimtia babu maji kwa kijiko, tone baada ya tone. Nilipoiona ile midomo nilijua anataka maji. Nikafungua chupa yangu, nikamshika kidevu, nikamtia. Alimeza mara moja. Mengine yakamwagika shingoni. Alinitazama, na sikuyajua yale macho yanasema nini.

Nilirudisha macho kwenye daftari nitafute mstari wa tatu. Nilipoupata alikuwa amekwisha kufa.

Nikausoma hata hivyo, mbele ya masikio yasiyosikia. Ulitoka mdomoni kwa urahisi tu. Ningeweza kuutamka kitambo.

Walimzika huko huko, kwenye makaburi ya jeshi. Kasisi wa kizungu alisoma kwa Kiingereza, na sisi tulisimama wima na hatukuelewa. Daftari nililiweka mkobani pamoja na juzuu ya mama.

Niliporudi Tanga nilikwenda kwanza kaburini kwa mama. Kisha nilikaa wiki tatu bila kwenda Pongwe. Mwantumu akinikumbusha nasema baiskeli mbovu. Mimi, fundi baiskeli! Mwisho akaniambia, "Kaka, usipokwenda wewe nitakwenda mimi niwaambie unaogopa," na kweli angekwenda. Nikapanda baiskeli.

Mzee Hoza nilimkuta mbele ya nyumba yake kambini, anasuka kamba. Mikono yake ilikuwa imejaa makovu ya miiba ya katani mpaka kwenye viwiko. Nikapiga hodi, nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Rajabu, mzee. Wa Makorora. Nilikuwa na Zakaria."

Akaweka kamba chini. Akanitazama kwa muda, kisha pembe za mdomo wake zikasogea kidogo.

"Ndiwe Rajabu anayeruka mistari?"

 Nikakaa pale pale chini bila kukaribishwa. Mzee aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kopo la majani ya chai. Humo mlikuwa na barua moja. Akaniambia ililetwa mwezi mmoja kabla ya taarifa ya msiba, mwinjilisti amemsomea mara nyingi mpaka anaijua kwa moyo. "Lakini soma wewe," akasema. "Ni ya rafiki yako."

Niliutambua mwandiko wa karani wa kombania yetu. Maneno yalikuwa ya Zakaria. Alimwamkia baba yake, akaeleza mvua na ruba, akasema wali wa huku haupikwi na nazi. Kisha hivi:

"Rajabu ananisomea daftari la mama kila jioni. Ana hasira huyu lakini moyo wake mzuri. Akifika kwenye jina la Bwana wetu huruka, kwa ajili ya dini yake, naye anadhani sijui. Baba, nitakosaje kujua? Nimelala na maneno hayo masikioni tangu nanyonya. Basi akiruka yeye, nasema mimi, polepole, kwa midomo tu. Hivyo linasomwa lote, yeye kwake na mimi kwangu. Usimwambie siku ukimwona, ataona haya."

Nilisoma mpaka hapo, na kile kijito cha Malaya kikanirudia chote. Ile midomo.

"Mzee," nikasema, "hakuwa anataka maji."

Hakunielewa. Ikabidi nimweleze kila kitu, tangu gogo mpaka chupa, na jinsi nilivyomshika kidevu mwanawe. Nilisema huku nalia na kamasi zinanitoka, sikujali. Nilimwambia nilimwahidi nikamvunjia ahadi, na alipotaka kujisomea mwenyewe kile nilichokosa, nikamziba kinywa.

Mzee Hoza aliishika kamba yake, akaiweka tena chini. Jirani mmoja alipita akasalimu, hakuitikiwa.

"Alimeza?" akauliza mwishowe.

"Alimeza mara moja."

"Mama yake pia tungempa," akasema. "Hatukuwa na akili hiyo siku ile. Alikufa midomo imekauka."

Akafuta uso kwa kiganja. Kisha akaniambia nifungue daftari nisome ile ya mwisho. Niliisoma, kurasa zimekwisha kuwa ngumu kwa damu na maji, na nilipofika mstari wa tatu nilisimama juu yake, nikautamka wote kwa sauti, neno kwa neno, na mzee akautamka pamoja nami. Sikutoka katika dini yangu siku ile, wala yeye hakunitaka nitoke. Tulikuwa tunamsomea mtu wetu.

Nilitaka kumwachia daftari. Akakataa kulipokea. "Mimi nitafanya nini nalo? Kaa nalo, uje unisomee." Nikawa nakwenda Jumapili, yeye akitoka kanisani na mimi nimefunga kazi ya baiskeli, mwaka hadi mwaka mpaka naye alipofariki. Niliyasoma maneno yote.

Sasa mimi ni mzee na macho yamepungua. Nina vitabu viwili tu nyumbani ninavyovisoma, cha mama yangu na cha mama yake Zakaria, na vyote nasoma polepole, kidole kikifuata mstari. Vimenisaidia kuishi. Nikiwa navyo mkononi siwaoni waliokufa kuwa wamekwenda mbali sana. Nimeomba msamaha kwa mambo mengi niliyoyafanya kwenye msitu ule, na mengi nahisi nimesamehewa.

Lakini mstari ule una maneno kumi na matatu. Nimeyahesabu. Nimejaribu kuyatamka kwa midomo tu, polepole, kama yeye, tangu pale nilipoanza wa nne mpaka pale nilipomshika kidevu. Mara nyingine hufika mwisho. Mara nyingine huishia kwenye *usiniache*.

Sijui yeye aliishia wapi.